Unene wa Ukurasa wa Samani za Mungai

Samani za Mungai,
Dagoretti Corner,
Nairobi.

Kwa Bwana Viraj,
Mtengenezaji wa Tovuti,
Ngara.

Bwana Viraj mpendwa,

Natumai u mzima na biashara yako inakwenda. Yangu haiendi, na ndiyo sababu ya barua hii. Ningekuandikia kupitia ule ukurasa wa mawasiliano ulionitengenezea, lakini nao haujafunguka tangu niubonyeze, hivyo nimeona karatasi itafika mapema.

Wewe ni kijana mwenye adabu na sina ugomvi nawe. Nina ugomvi na ukurasa wetu wa makochi. Mwezi uliopita uliniambia kwamba mfumo ambao tovuti yetu imejengwa juu yake umezeeka, na kwamba utaihamishia kwenye toleo jipya. Nilikubali bila maswali kwa sababu hata mimi hubadilisha fremu za makochi yaliyozeeka. Tofauti ni kwamba mimi nikishabadilisha fremu, kochi bado linapita mlangoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Makochi yaliyomo ni yale yale. Picha ni zile zile, na neno "Karibuni" halijaongezwa hata herufi moja. Hata hivyo binti yangu Janice, ambaye anayaelewa mambo haya, ameupima ukurasa na kusema umekuwa mzito mara kumi kuliko zamani. Nilipokuuliza uzito huo umetoka wapi, ulinijibu kwa ujumbe, mfumo ukiuita framework na toleo jipya upgrade: "Mzee, hiyo si shida, ni vitu za framework tu, zinakuja na upgrade. Zingine hata hatutumii." Bwana Viraj, kama hatuvitumii, mbona wateja wangu wanavibeba? Mtu anayetaka kuangalia kochi la watu watatu hapaswi kumwagiwa simuni mzigo wa nyumba nzima.

2. Unajua desturi ya wateja wetu. Hakuna anayenunua kochi kwa macho tu. Familia husimama hapa kando ya barabara, hufungua ukurasa, hukubaliana mtindo, kisha huingia ndani wote wakalijaribu kwa kulikalia, na shangazi ndiye hukaa mwisho na kutoa hukumu. Siku hizi wanasimama, kile kiduara cha kusubiri kinazunguka simuni, bando la intaneti linaliwa, miguu inachoka. Na jirani yangu Bi. Kamene, ambaye hana tovuti wala hajawahi kuitamani, ameyapanga makochi yake nje. Basi watu wanausubiri ukurasa wangu wakiwa wamekaa kwenye makochi yake. Wiki jana familia moja kutoka mtaa wa Satellite ilikaa hapo kusubiri. Ukurasa wangu ulipofunguka, shangazi alikuwa ameshapitiwa na usingizi, wakalinunua kochi lenyewe akiwa bado amelala juu yake.

3. Niliwashauri wateja waufungue ukurasa nyumbani kabla ya kutoka. Walichoka kungoja, wakaja bila kuuona. Ukitoka steji ya matatu, duka la Bi. Kamene ndilo la kwanza.

4. Hili linaniuma zaidi. Ulinishauri niujaribu ukurasa kama mteja, kwa simu ya kawaida, bila wifi ya duka. Wifi yetu inafika hadi kwenye rundo la mbao. Ukivuka mbao, uko kwa Bi. Kamene. Mimi ni mtu mzima mwenye magoti mabovu, nikakaa. Na kwa kuwa jaribio la mara moja halitoshi, nimelazimika kwenda kukaa kila asubuhi na kila jioni. Bi. Kamene huniletea chai ya tangawizi, huniwekea mto mgongoni, na huniuliza ukurasa umefika wapi. Tangu mama yake Janice atutoke, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu changu chochote kimefika wapi. Mafundi wangu wameanza kukohoa nikipita. Hii ni aibu ambayo haikuwemo katika makubaliano yetu.

5. Nimejaribu kujisaidia. Nilitengeneza benchi zuri la mbao ngumu, la kusubiria ukurasa, nikaliweka mbele ya duka langu. Wateja walikaa, wakageuza shingo, wakaona makochi ya Bi. Kamene, wakahama.

Kwa hivyo naomba, kwa heshima, ukurasa urudishwe kwenye uzito wake wa zamani, hata kama itabidi huo mfumo mpya uachwe. Ikishindikana, uje wewe mwenyewe usimame barabarani na kuwaeleza wateja makochi yangu kwa mdomo mpaka ukurasa ufunguke. Hilo nalo likishindikana, nitaiandikia serikali iweke mizani ya kupimia kurasa za tovuti kama ile ya malori, na wangu uwe wa kwanza kushushwa mzigo. Sifanyi mzaha. Duka hili nimelijenga kwa mikono yangu, na sitaki lifungwe na kiduara.

Nisalimie mama yako, Bi. Riddhi, umwambie kile kiti chake cha kupumzikia kikilegea akirudishe bila wasiwasi. Wasalimie wenzako wote wa ofisini, pamoja na yule askari wa mlangoni aliyenionyesha ngazi. Janice anakusalimu, ingawa amekataa kuisoma barua hii.

Wako anayesubiri bado,

Kibe Mungai,
Mwenye duka.

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, Janice ameniambia kwamba umeshaurekebisha ukurasa tangu asubuhi na kuondoa vile vitu tusivyovitumia. Nimetoka kwenda kuujaribu. Umefunguka kabla sijakaa. Nimebaki nimesimama mbele ya Bi. Kamene, makochi yangu yote yanaonekana simuni, na sina tena sababu ya kuwa pale. Akaniuliza kama umefika. Nikamwambia bado. Akanisogezea mto. Kwa wateja, tafadhali uache hivyo hivyo ulivyo. Ni kazi nzuri na ninakushukuru. Lakini kama kuna njia, kwenye simu yangu mimi peke yangu, nakuomba uurudishie uzito wake wote, na toleo jingine jipya likitoka, unianzie mimi.