Jinsi Damien wa Makomeno Alivyoitwaa Tena Firigisi Yake

Sogeeni, enyi watu wa mtaa wa Makomeno, mliokaa na mliosimama. Funikeni sufuria, zimeni redio, kwa maana ninaileta habari ya Damien, simba aliyetoka Butembo, bwana wa maghala mawili ya unga wa mahindi, aliyepigana vita na maneno mawili ya Kiingereza, "pick up", na wala hakukimbia.

Chanzo cha vita kilikuwa kuku. Kila Jumapili firigisi, ambayo tangu enzi za mababu ni haki ya baba mwenye nyumba, iliwekwa kwenye sahani ya Hénoc, shemeji yake. Hénoc, bahari ya elimu, ndiye peke yake aliyejua Kiingereza cha kumwagiza Mwenya, dereva Mzambia wa lori, camion kwa lugha yetu, achukue mzigo, yaani "pick up", na kuuvusha mpakani Kasumbalesa. Alikuwa akitoka na simu mpaka nyuma ya nyumba, maana Kiingereza, alisema, kinataka hewa. Akirudi, anakula. Miaka mitatu Damien alitafuna shingo, na iliuma.

Basi shujaa akajiandikisha kwa mwalimu Dorcelle, katika ukumbi wa parokia, akakutana na adui uso kwa uso. Leo "pick up" ni kuokota ufunguo ulioanguka. Kesho ni kwenda kumpokea mgeni uwanja wa ndege wa Luano. Keshokutwa ni kuishika lugha barabarani bila mwalimu, jambo ambalo Damien, mwenye mwalimu, hakuwa ameliweza. Tena kijineno "it" sharti kikae katikati, kama mtoto kati ya wazazi kwenye pikipiki. Alipigana siku tisa. Siku ya nne alilia kidogo, ila tarikhi hii hailisemi.

Jumapili ikafika. Firigisi ilikuwa imekwisha kutua kwa Hénoc, naye amenyoosha mkono apewe simu. Damien akasimama.

"Shemeki, ikala pa kiti. Leo ni miye mwenyewe nitasema naye."

Akaiweka simu mezani, akafungua spika ili Émerance, mkewe, asikie kila kitu. Mwenya alipoitika, simba akajaza kifua na kunguruma: "Mwenya, the flour. Please, pick it up."

Kila neno lilikaa mahali pake.

"Papa Damien," Mwenya akasema, "uko mugonjwa? Sema Kiswahili. Bunga iko mu camion tangu asubui. Ata Hénoc, miaka yote tunasemaka naye Kiswahili."

Hakuna aliyetafuna. Hénoc aliitazama dari kana kwamba imeandikwa kitu. Émerance akachukua kijiko, akaitoa firigisi kwenye sahani ya kaka yake, akaiweka kwenye ya mumewe.

"Kula, papa," alisema. "Kingereza yako iko ya kweli."

Na iandikwe, vizazi visome: siku hiyo Kiingereza kilisemwa Makomeno mara moja, sahihi kabisa, bila haja yoyote. Firigisi ilikuwa imepoa. Damien aliila yote, polepole, akimtazama shemeji yake akihangaika na shingo.