Kisima Changu cha Elektroni

Jumatatu, 3 Februari 2025
Gatwiri wa Baiolojia kajaza ukumbi kwa mhadhara wa nyoka. Watu mia mbili. Mimi, Mwiti, mwalimu pekee wa Fizikia katika chuo hiki cha Galbet, mara ya mwisho nilipata wanne, mmoja akitafuta pa kuchajia simu. Jumamosi ni zamu yangu. Mada: spini ya elektroni ndani ya kisima cha kwanta. Sirudi nyuma.

Jumatano, 5 Februari
Nimefupisha tangazo. Maneno marefu hufukuza watu. Nimelibandika sokoni kote: "Kisima kipya chuoni. Njooni mjionee. Bure." Gatwiri kaniuliza kama nimelifikiria vizuri. Wivu huo.

Jumamosi, 8 Februari
Ukumbi ulifurika. Mitungi ya plastiki hadi mlangoni. Sikujiuliza ya nini.

Nikaeleza. Kisima ni utando wa semikondakta, mata ya kuundia chipu za simu, mwembamba kuliko unywele mara elfu kadhaa. Elektroni zimenaswa humo, kila moja kama sumaku ndogo; hiyo ndiyo spini. Ukizimulika kwa mwanga maalumu, zinaelekea upande mmoja. Kisha viini vya atomi vinazivuruga hadi zisahau zilikoelekea.

Mzee Jelle, mfugaji, akasimama. "Mwalimu, hii kisima maji yake iko futi ngapi?"

Nikasema maji hamna.

Akawatazama mbuzi wake pale nje kama anayewaomba radhi. Ukumbi ukaanza kumwagika. Lul, anayeuza maji kwa mkokoteni wa punda, alikuwa amekuja kwa hasira kumwona mshindani wake. Yeye peke yake alipiga makofi.

Wakabaki sita. Ikran, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akauliza: je, elektroni nazo haziwezi kuvigeuza viini, vikajipanga? Nikamjibu kwa sauti kubwa kwamba haiwezekani.

Jumapili, 9 Februari
Inawezekana. Iko kitabuni, ukurasa wa 212. Nimekifunga. Ikran hana kitabu hiki.

Jumatatu, 10 Februari
Ikran anacho. Kaja nacho darasani, ukurasa umekunjwa. Nikamwambia nilikuwa nampima. Akasema, "Sawa, mwalimu," kwa upole ulioniuma kuliko kicheko cha darasa.

Jumanne, 11 Februari
Mkuu wa chuo kaniita. Mji mzima unalalamika. Kaniamuru nibandike tangazo jipya, la wazi, lisilompotosha mtu. Nikamwambia sijampotosha yeyote. Kisima ni kisima. Lakini mimi ni muungwana. Semikondakta ina pia nafasi tupu, palipokosekana elektroni, nazo huitwa mashimo. Nimebandika karatasi arobaini: "Hakuna kisima. Jumamosi ni mashimo. Kila mtu atapata, bure."

Hapo hakuna wa kukosea maana.