Mashine ya Sifuri

Jumatatu, 3 Agosti 1970

Mzee Mhina anauza mashine yake ya kusaga! Vumbi la unga limemshika kifua. Kwamndolwa nzima hakuna anayejua ila mimi, na wale niliowaambia. Laurenti, aliyekuwa karani wa shamba la mkonge Mazinde, kamfanyia hesabu. Nilikuwa napita tu, nikasimama kidogo dirishani. Kasema mashine inachakaa, kila mwaka hesabu inaikata thamani, na mwaka huu imefika sifuri. Sifuri naijua, mwalimu wa kisomo cha watu wazima katufundisha juzi. Kesho napeleka jogoo niinunue. Kumpunja mzee ni dhambi.

Jumanne, 4 Agosti

Nimerudi na jogoo wangu. Nilimweleza mzee vizuri kwamba kwa hesabu mashine haina kitu. Akaniuliza, "Mama Rehani, ugali uliokula jana ulisagwa na sifuri?"

Laurenti akacheka. Akasema sifuri ile ni hesabu ya chuma kilivyochakaa tu. Anayenunua atazame foleni, maana hela inatoka pale, leo na mwaka kesho.

Nimeliwaza neno hilo mpaka mchicha ukaungua. Kweli kabisa. Chuma ni chuma tu. Thamani ni wale kina mama na vikapu vyao vya mahindi.

Sasa foleni ikipungua, bei si itapungua?

Jumatano, 5 Agosti

Nimemwambia Josefina, kwa siri, kwamba unga wa Mzee Mhina una chembe za chuma, zinakwaruza matumbo. Josefina ukimpa siri asubuhi, adhuhuri imeshafika mpaka Lutindi.

Jumamosi, 8 Agosti

Vinu vinatwanga mtaa mzima. Mashineni hakuna hata kuku. Mzee kakubali kuniuzia! Hela hataki, anataka cherehani yangu, kazi ya kukaa isiyo na vumbi. Kizee cha cherehani, miaka ishirini, kwa mashine nzima! Laurenti kaandika mkataba. Nimeweka sahihi mwenyewe, si dole gumba. Kanitazama sana yule Laurenti. Wivu.

Jumatano, 12 Agosti

Hajaja mtu. Nimemwambia Josefina unga ni safi. Kanijibu kwa upole, "Dada, watoto wangu bado wadogo." Foleni yangu ni mimi.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimepita kwa Mzee Mhina. Kina mama wamejaa barazani na vitambaa vya sare za shule, foleni mpaka barabarani! Cherehani yangu ile inaimba. Roho imeniuma. Nikaitazama, nikatafakari, nikakumbuka hesabu ya Laurenti. Miaka ishirini! Imeshachakaa, thamani yake sifuri.

Jogoo bado ninaye. Kesho nampelekea.