Kiwiko cha Mwanangu Katika Ukurasa Wenu wa Burudani

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Burudani,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote mnaolitayarisha gazeti ambalo nyumba hii hulisoma kuanzia mwisho kwenda mwanzo, kwa kuwa burudani mmeiweka nyuma. Hilo si lalamiko. Malalamiko yangu yako hapa chini, na nimeyapa namba ili asiwepo wa kusema hakuyaona.

Mimi ni mshonaji wa nguo, mjane, na mama wa kijana anayepiga gitaa la besi katika bendi ambayo picha zake mnazitoa karibu kila Jumatatu. Bendi unaijua. Mwimbaji wake unamjua pia, yule ambaye mashabiki humwita Asali, maana meno yake mmeyachapa mara nyingi kuliko utabiri wa hali ya hewa. Mwanangu humjui. Ndiyo sababu ya barua hii.

1. Tangu mwanangu ajiunge na bendi hiyo, ukurasa wenu umemtoa kiwiko. Kiwiko tu, cha kulia, kikichungulia nyuma ya bega la Asali kama mtu aliyefika karamuni bila mwaliko. Nakitambua kwa kovu alilolipata utotoni alipojigonga kwenye cherehani yangu. Picha hizo zote nimezikata, nikazitia fremu na kuzitundika sebuleni. Mwana ni mwana, hata akiletwa vipande vipande.

2. Pale ambapo Asali hakumziba, stendi ya maiki imemziba. Na siku moja tu ambayo hakuzibwa na mtu wala chuma, mlimtoa ndani ya moshi. Nilidhani ukumbi umeungua. Nikampigia simu nikihema, naye akanijibu taratibu kwamba ule ni moshi wa urembo, mama, unawekwa makusudi. Ndugu Mhariri, mimi nimepika kwa kuni tangu nikiwa msichana na sijaona hata mara moja moshi ukimpendezesha mtu.

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mwanangu amechumbia. Binti ni muuguzi, mtulivu, na wamependana kweli. Basi shangazi yake, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wao, alikuja kututazama. Nilimkaribisha sebuleni, akanywa chai yake, kisha macho yake yakapanda ukutani. Akauliza kama huyo ndiye kijana. Nikasema ndiye. Akauliza yupi. Nikasimama na kumwonyesha kwa ncha ya mkasi, fremu moja baada ya nyingine: hapa, na hapa, na hapa pia, nyuma ya huyu anayecheka.

Akavaa miwani. Alitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole uliouma kuliko tusi: "Dada, sisi tuliambiwa kijana ni mwanamuziki. Hata wanaobeba spika wana viwiko."

Akaaga, akasema watashauriana halafu watatuletea jibu. Jibu halikuja. Binti wa watu akawa anapiga simu kwa kunong'ona. Mwanangu naye, kwa kuwa wapiga besi si wasemaji, akawa anakaa chumbani akilipiga gitaa lake bila kuliunganisha na umeme, na mimi upande wa pili wa ukuta nasikia du, du, du, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na wenyewe. Nikimuuliza, ananiambia niache tu. Mama gani huacha tu?

4. Nikaenda kwenye onyesho lao la Jumamosi mchana kumwona mpiga picha wenu ana kwa ana. Nilimkuta amechutama mbele ya jukwaa, binti mwembamba mwenye kamera mbili zinazoning'inia kifuani kama mama wa mapacha. Simlaumu tabia. Aliniamkia vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho ijapokuwa spika zilikuwa zinatutoa roho, kisha akanionyesha kwenye kioo kidogo cha kamera yake. Taa zote zinamwagwa juu ya Asali. Mwanangu amesimama kule gizani, ubavuni mwa drams, ameinamia vidole vyake. Mpiga picha akaniambia, "Mama, besi haionekani, inasikika. Siku ikinyamaza ndipo watu watageuka kumtafuta."

Ni maneno mazuri, na mwanangu angekuwa hana mchumba ningeyatarizi kwenye kitambaa cha meza. Lakini hakuna ukoo unaomwoza binti yao kwa mtu anayesikika tu.

5. Kwa hiyo naleta maombi yangu, na kila moja ni dogo kuliko linavyoonekana. Naomba gazeti lako liishauri bendi kwamba Asali awe anaimba akiwa ameketi, tena kwenye kigoda. Akiona kuketi kunamharibia sauti, basi abaki nyumbani na kuimba kwa simu, kwani hata sasa watu husema wanakuja kumsikiliza. Drams na besi ziletwe mbele. Kama mafundi watadai jukwaa haligeuki, wageuzwe watazamaji. Wimbo nao uwe unasimamishwa katikati mpiga picha apige kwa utulivu, kila mpigaji kwa zamu yake, uso mkavu, kola imenyooshwa. Najua nyimbo zao nyingi ni za mapenzi na zina haraka, lakini mapenzi ya kweli husubiri, mwulizeni mwanangu. Na ikiwa baada ya hayo yote bado kuna anayemziba, sioni kwa nini bendi isibaki na mpiga besi peke yake. Kelele zitapungua, na majirani wa ukumbi watawashukuru.

6. Kwa kuwa sikuweza kungoja majibu yako, nilichukua hatua. Wimbo wa tatu wa onyesho lile lile ulipoanza nilipanda vile vingazi vya pembeni, nimevaa gauni la rangi ya chungwa nililokuwa nimelishona kwa ajili ya siku ya jibu, nikamwendea Asali nimwombe asogee kushoto. Ni hilo tu nililokwenda kumwambia. Sikupewa nafasi. Yule bwana alinishika mkono, akawatangazia watu kwamba mama wa bendi amefika, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Ndugu Mhariri, mimi besi nimeisikia miaka yote hii kupitia ukutani. Sikuwahi kusimama juu ya mbao zake. Inapanda kwenye nyayo, inapita magotini, inakuja kukaa hapa kifuani kama mtoto aliyerudi nyumbani. Nikageuka. Mwanangu hakuwa ameinamia vidole. Alikuwa ananitazama mimi, na anacheka, cheko ambalo sikuwa nimeliona tangu shangazi yule aondoke kwetu. Sasa ningefanya nini? Nilicheza. Kidogo tu, kwa adabu.

Hapo ndipo yule binti yenu mpiga picha aliposimama na kuanza kupiga picha mfululizo. Baadaye, nikiwa nateremka vingazi, nilipiga hesabu ya mahali nilipokuwa nimesimama, yeye alipokuwa, na mwanangu alipokuwa. Safari hii aliyemziba ni mimi.

Kwa hiyo ombi langu la mwisho, na ndilo zito kuliko yote: picha hiyo isitoke. Ikitoka, shangazi atahesabu tena viwiko, na huenda hata hicho asikipate. Itupwe, na onyesho lirudiwe toka mwanzo, bila Asali na bila mimi.

Nisalimie wote hapo ofisini: wapiga chapa, wasahihishaji, yule anayetunga chemshabongo (mwambie ya juzi ilikuwa na kosa, ila tumemsamehe), na mlinzi wa mlangoni aliyekataa niingie na mkasi. Mwanangu hajui kama nimeandika, lakini angejua naye angewasalimu, kwa kifupi.

Ni mimi mwenye kutafuta uso wa mwanangu,

Mama wa Mpiga Besi

Tanbihi: Kabla sijaitia barua hii kwenye bahasha, gazeti la Jumatatu limefika. Picha imechukua nusu ya ukurasa. Nimo mzima, kuanzia kilemba hadi viatu, mikono juu, na gauni limefunguka kama mwavuli. Mwanangu hayumo kabisa. Chai yangu haijapoa, shangazi akapiga simu. Alisema wameiona ukoo mzima, tena wamegombania, na kwamba nyumba yenye mama anayecheza namna ile haiwezi kuwa imedanganya habari za muziki. Jibu ni ndiyo. Binti muuguzi alisikika nyuma yake akipiga vigelegele. Kisha shangazi akauliza, kwa sauti ya chini, ni nani aliyenishonea lile gauni.

Kwa hiyo yote niliyoyaandika hapo juu yafute. Asali na asimame anapotaka, na moshi waongeze. Nitumie picha ile kwa ukubwa wowote mlio nao. Fremu ninazo, nimekwishazitoa zilizokuwamo. Mwambie pia binti yenu kwamba Jumamosi ijayo nitakuwa upande wa kulia wa jukwaa, na gauni ni la kijani. Akimwona mpiga besi anajisogeza mbele, amwombe kwa adabu arudi nyuma. Ananizibia taa.