Mwanafunzi Mliyemleta Nyumbani Kwetu

Mochudi,
19 Juni

Kwa Mma Ditsele,
Msimamizi wa Mpango wa Kubadilishana Wanafunzi,
Gaborone.

KUH: MGENI ALIYECHUKUA NAFASI YANGU NYUMBANI

Dumela, Mma. Natumaini barua hii inakukuta mzima na baridi ya mwezi huu haijakuzidi. Mimi ni Oarabile Segwabe, mwaka wa tatu, somo la jiografia, ambaye ofisi yako ilinipeleka Ufini kwa muhula mmoja. Kwa utaratibu wenu, mimi nilikaa kwa wazazi wa Urho Kallionpää, naye Urho akakaa kwa wazazi wangu hapa Mochudi. Muhula wa kule huisha mapema kuliko wa kwetu, kwa hiyo mimi nimerudi na yeye bado yupo. Mma, fomu niliyotia saini ilisema tunabadilishana vyuo. Haikusema tunabadilishana mama.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama alikuja kunipokea uwanja wa ndege akiwa na Urho. Alinikumbatia, akalia kidogo, jambo ambalo nalishukuru. Kisha akamgeukia Urho akamwambia, "Huyu ndiye yule Oarabile niliyekuwa nakusimulia habari zake." Tukaingia garini. Urho akakaa mbele.

2. Mbwa wetu Tau, niliyemlea kwa maziwa ya chupa, alinibwekea kuanzia getini mpaka mlangoni. Urho akamkataza kwa Kitswana, akanyamaza. Kitswana chenyewe ni cha Mochudi hasa, anavuta maneno kama bibi yangu. Kifini changu mimi kiliishia kwenye "asante" na "mlango umeganda".

3. Urho analala kitandani kwangu, mimi nalala sebuleni. Nilipouliza, mama alisema huyo ni mgeni, hawezi kulala chini. Jioni ileile nyama ikapakuliwa, akapewa pande kubwa kuliko langu, eti asione haya, ni mtoto wa nyumba hii. Nimejaribu kuifuata hesabu hiyo. Kwenye kitanda yeye ni mgeni, kwenye nyama ni mwana. Mimi sijaambiwa ni nani, wala kuanzia saa ngapi.

4. Wamempa jina la Mothusi, yaani msaidizi. Ni kweli ameziba bati linalovuja na kulinyoosha geti lililolala upande tangu nikiwa darasa la nne. Lakini sasa kitu kikiharibika bibi anamwita Mothusi, hata kama mimi nimekaa ubavuni pake na bisibisi mkononi.

5. Jumamosi iliyopita dada yangu Boitshepo, binti wa mjomba, aliolewa. Wewe ni Mtswana, Mma, unajua kwamba kuponda seswaa, nyama ile ya sherehe, ni kazi ya wanaume wanaoaminika. Miaka mitatu nimemwomba mjomba Modise anikabidhi mchi, na miaka mitatu ananijibu kuwa mikono yangu ni ya kushika kalamu. Jumamosi mchi akapewa Urho. Nilimfuata mjomba kwa heshima zote, nikamkumbusha kwamba mimi ni mtoto wa dada yake wa kuzaliwa. Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Mothusi anaponda bila kuongea," akasema. "Wewe kawasaidie shangazi zako kukata kabichi."

Nilikata kabichi. Shangazi zangu walisema vipande vyangu ni vinene.

6. Hili la mwisho ndilo linaloniuma. Nimerudi na picha mia nne. Nimeona jua likizama saa nane mchana. Nimeona ziwa limeganda mpaka magari yanapita juu yake, na majuma mawili ya kwanza, Mma, nilikuwa nalia bafuni bomba likiwa wazi ili wenyeji wangu wasinisikie. Nilitaka kuyasema haya kwa watu wangu. Nilianza na ziwa. Bibi alinisikiliza mpaka pale penye magari, akasema, "Hayo Mothusi alishatueleza, na yeye alieleza vizuri." Nikahamia kwenye siku niliyoteleza nikavunjika kifundo cha mkono. Bibi akamuuliza Urho kama kweli barafu inaweza kumvunja mtu mzima. Urho akafikiri, akajibu kwamba inategemea viatu.

Kwa hiyo naomba ofisi yako ifanye yafuatayo:

(a) Urho aondolewe mara moja.

(b) Hilo likishindikana, mimi nisajiliwe kuwa mwanafunzi wa kigeni nyumbani kwetu. Kijitabu chenu kinasema mwenyeji atampa mgeni kitanda, atamsikiliza kwa uvumilivu na atamhesabu kama mtoto wake. Ni hayo matatu tu ninayoyakosa.

(c) Mama akisema nafasi imejaa, nipangiwe kwa jirani yetu Mma Tlhalerwa, ili nipate kwenda kwetu kutembea siku za wageni. Nitahitaji pia mtu wa kunionyesha kijiji. Urho amesema yuko tayari.

Wasalimie wote hapo ofisini, hasa dada wa mapokezi aliyeniazima koti la mumewe siku ya safari. Koti ni zima.

Wako mtiifu, anayesubiri kupangiwa,
Oarabile Segwabe

N.B. Nilipokuwa nafunga bahasha, simu ililia. Ni Raili, mama yake Urho, anayenipigia kila Jumapili. Alitaka habari za harusi. Nikamsimulia yote kwa Kiingereza mpaka kabichi, hakunikatiza hata mara moja. Alisema mumewe hataki kwenda kuvua samaki bila mimi, maana Urho hakuwahi kuwa na subira, akauliza narudi lini nyumbani. Nikasema nitauliza.

Nilipogeuka, Urho alikuwa mlangoni.

"Ni mama?"

"Ndiyo."

"Ameniulizia?"

Nikamwambia amemuulizia sana. Mma, hakumuulizia. Urho akavuta kiti, akaniomba nimweleze mama anaendeleaje, na alisikiliza mpaka mwisho.

Kwa hiyo malalamiko yaliyo hapo juu yawekwe pembeni. Naomba fomu mbili za muhula ujao: yake ya kubaki, yangu ya kurudi.