Leza Isiyopoteza Hata Chembe ya Umeme

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Msaidizi wa Mgeni Rasmi, waheshimiwa mliokalia viti vyenye mito na ninyi wenzangu wa kwenye mabenchi, wahandisi, wahasibu, mlinzi wa getini, na kwa heshima ya pekee kabisa mama mkwe wangu, fundi cherehani, aliyekipisha Kitengo chetu cha Leza chumba chake cha kushonea na sasa anashonea koridoni (makofi, mama mkwe hapigi), nawasalimu nyote!

Mimi Mkurugenzi wenu, mtu niliyesoma sana mpaka nimesahau nilisomea nini (kicheko), naleta taarifa ya utendaji. Leza yetu ni ya gesi: bunduki ya elektroni inamimina elektroni ndani ya tangi, gesi inasisimka, inatema mwanga wa kukata chuma. Wenzetu duniani huingiza umeme mwingi wakaambulia mwanga kiduchu, maana mwingine wote huishia kuwa joto. Lakini sisi, kwa mujibu wa tathmini shirikishi iliyozingatia stratejia jumuishi niliyoibuni mwenyewe bafuni, nishati inayotoka ni sawasawa na inayoingia! Hasara sifuri! Joto sifuri! Kelele sifuri! (Vigelegele. Mgeni Rasmi anasimama kupiga makofi.)

Kwa mafanikio hayo, leo Mgeni Rasmi anatia saini chumba hiki cha mama mkwe kiwe mali yetu moja kwa moja.

(Mama mkwe: “Mwanangu, iwashe basi niione. Macho yangu yanakwisha kule gizani.”)

Mama, mwali wake hauonekani kwa macho.

(“Haya, nionyeshe tangi.”)

Tangi lina gesi ya sumu, mama.

(“Mbona naona pazia tu?” Minong’ono.)

Jamani, nimebanwa. Bodi niliiweza, wakaguzi niliwaweza, hata kioo changu kila asubuhi nakidanganya kinakubali, lakini huyu ndiye aliyenipa mke. Aibu yangu! Vuteni pazia. (Linavutwa. Ukuta mtupu, na koti la Mkurugenzi limetundikwa msumarini.)

Leza oyee! (Oyee moja, ya mlinzi.) Elektroni juu! Nawashukuru sana wahandisi wetu: hakuna tangi lililonunuliwa, wala bunduki, wala gesi, hakikuingia kitu na hakikutoka kitu, ndiyo maana hesabu zetu zimelingana vizuri namna hii. Mgeni Rasmi, kalamu weka mfukoni. Mama, ingiza cherehani.