Siku Boti ya Nathan Ilipolazwa Chali

Habari ililetwa na Benson muuza mitumba, ambaye pale Itigi, kwenye kijiwe cha kahawa cha Theresia, tunamwita Ruksa, kwa sababu kwake kila jambo ni ruksa. Alifika asubuhi anahema, suruali tatu za mnadani bado ziko begani.

"Jamani, leo ndiyo leo! Nathan anageuza boti. Anataka wanaume kumi na wawili."

"Anaigeuza iwe nini?" akauliza Theresia, birika mkononi.

"Iwe boti, mama! Miezi saba imelala kifudifudi uani kwake, anaipigilia mbao za tumbo. Sasa lazima ilazwe chali, aweke viti."

Kijiwe kikaangua kicheko. Nathan alikuwa seremala wa karakana ya reli. Karakana ilipopata mwekezaji, yeye akapata barua ya kupunguzwa. Wenzake walifungua vibanda vya soda. Yeye akaanza kuunda boti ya kuvulia samaki Ziwa Kitangiri, kule Iramba. Tatizo ni kwamba Itigi hatuna ziwa. Tuna reli, vichaka na asali. Maji ya kunywa yenyewe tunayapangia foleni.

"Walitutangazia soko huria," akasema Mzee Gervas, mstaafu wa ishara za treni, ambaye tunamwita Signali. "Hawakusema na akili nazo ziachiwe huria."

"Lakini mzee, lori la kuipeleka Kitangiri si limeshapatikana?" nikamtetea Nathan. "Linakuja Jumatatu."

"Lori sawa. Wewe mkeo akikukuta umebeba boti nchi kavu, utamwambia unaelekea wapi?"

Ruksa akamgeukia Philipo fundi baiskeli, aliyekaa mwisho wa benchi.

"Kidari, na wewe una mabega. Twende."

Jina la Kidari lilikuwa na wiki tatu tu. Dina, mke wa Nathan, alipotelewa na kuku wake mwekundu, akasimama kisimani mbele ya watu na kumtaja jirani yake Philipo kuwa ndiye mwizi. Sisi, badala ya kumpa pole, tukampa jina.

"Siendi," akasema Philipo. "Mtu kaniita mwizi wa kuku, halafu nikambebee boti?"

"Usiende basi. Tutawaambia umeshiba."

Hata Theresia alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Philipo akasimama. "Twendeni! Ila mimi nitashika upande wa mbali na yule mama."

Nyumba ya Nathan imepakana na stesheni. Tulimkuta ameng'oa uzio wote wa upande wa reli ili tupate nafasi, na amepanga matairi mabovu ya kupokelea boti.

"Ndugu zangu," akasema, "hapa nimemaliza kila nilichokuwa nacho. Ikidondoka ikapasuka, sina mbao nyingine, wala nguvu ya kuanza upya."

Hapo hakuna aliyecheka. Dina alikuwa mlangoni pa jiko, mikono kifuani. Alimwona Philipo, akatazama pembeni.

Signali akashika uongozi. "Nikisema moja, nyanyueni. Mbili, isimame ubavu. Tatu, ilazeni taratibu kwenye matairi."

"Na nne?" akauliza Ruksa.

"Nne tunakuzika. Haya, moja!"

Tukanyanyua. Nzito kama dhambi. "Mbili!" Boti ikasimama ubavu, sisi tumeikumbatia, mishipa ya shingo imetutoka. Ndipo chini, kwenye rundo la taka za randa, akainuka kuku mwekundu, manyoya yamemsimama kwa hasira, na vifaranga tisa nyuma yake.

Watu wote wakamgeukia Philipo, aliyekuwa ameshika ncha ya mbele.

"Msisogee," akasema. "Dina, umeona?"

"Nimeona."

"Ni nini kile?"

"Kuku."

"Wa nani?"

"Kidari, mikono inakatika!" akalia Ruksa.

"Naitwa Philipo."

"Philipo mwana wa baba yako, boti inatuua!"

"Nasubiri neno moja tu. Lile la kwanza alilisema mbele ya ndoo ishirini."

Dina ni mwanamke wa kiburi chake. Akamtazama mumewe, ambaye shavu lilikuwa limegandamana na ubao, jasho linamwingia machoni. Akampita kuku, akaja kusimama mbele ya Philipo, akapaza sauti.

"Kaka Philipo, nilikuita mwizi. Nilikosea. Kesho nitalisema hilihili kisimani. Nisamehe."

"Mzee Signali sidhani kama amesikia."

"Nimesikia!" Signali akafoka. "Tatu! Tatu! Tatu!"

Boti ikashuka juu ya matairi, ikalia kidogo, ikatulia. Hakuna ubao uliopasuka. Nathan akaipapasa ndani kutoka ncha hadi ncha, halafu akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Tukamwacha. Kila mmoja akajifanya ana kazi ya kunyoosha vidole.

Dina akaleta togwa, na kikombe cha kwanza akampa Philipo kwa mikono miwili. Kwa kuwa uani hapakuwa na pa kukaa, tukapanda botini, wote kumi na wawili, Signali kakaa nyuma kabisa, tukawa tunakunywa.

Mara treni ya kwenda Kigoma, kule ziwani, ikaingia, ikasimama. Madirisha yakajaa vichwa. Ruksa akawapungia mkono kama anayesafiri.

Ghafla abiria mmoja akaruka kutoka behewa la daraja la tatu, usingizi tele machoni, godoro limeviringishwa begani, viatu mkononi. Akatujia mbio kupitia pale palipong'olewa uzio.

"Shikamoo mzee," akamwambia Signali, macho kwenye boti. "Samahani, kumbe Kigoma tumeshafika? Mbona hawakuniamsha?"

Signali akamtazama, akanywa funda moja, akasogea kumpa nafasi.

"Marahaba. Bado kidogo," akasema. "Panda, tunasubiri maji tu."